Bili ya umeme imepanda, serikali inasaidiaje? Maswali ya kaya na biashara ndogo

Bei ya nishati ikipaa, serikali hutangaza msaada, na tangazo huwa fupi kuliko maswali linayozalisha. Kila nchi ina jina lake la mpango, fomu zake na tarehe zake za mwisho. Hata hivyo mipango yenyewe ni ya aina chache tu, nayo hujirudia kutoka nchi moja hadi nyingine. Ukishatambua wako ni wa aina gani, utajua kama unatakiwa kuomba, fedha zitapitia wapi, na ni nani husahaulika njiani. Mifano iliyomo humu imetoka kwenye mipango iliyokwisha tekelezwa. Neno "uniti" humu lina maana ya kilowati-saa moja.

Sijaongeza kifaa chochote nyumbani. Kwa nini bili imepanda?

Kwa sababu ndani ya bili kuna mambo manne: bei ya nishati yenyewe, gharama ya kuisafirisha kwa nyaya au mabomba, tozo ya kudumu inayolipwa hata usipowasha taa, na kodi. Kimojawapo kikipanda, bili inapanda nawe umetulia tu.

Mara nyingi kinachosukuma ni mafuta ya kuzalishia umeme. Katika masoko mengi ya jumla, bei ya saa fulani huamuliwa na mtambo wa mwisho kuitwa kazini, yaani ule wa ghali zaidi, na mara nyingi mtambo huo ni wa gesi. Ndiyo maana gesi ilipoanza kupanda mwaka 2021, kisha Urusi ikaivamia Ukraine Februari 2022 na gesi iliyokuwa ikienda Ulaya ikapungua, hata watu ambao umeme wao mwingi unatokana na upepo au nyuklia walipata bili za kutisha. Kwingine kisa ni ukame: maji yakipungua mabwawani, mitambo ya dizeli na mafuta mazito huwashwa kuziba pengo. Nchi inayonunua mafuta kwa dola nayo huumia sarafu yake inaposhuka, hata kama bei ya dunia imesimama palepale.

Kabla ya kulaumu soko, angalia kama bili imetokana na usomaji halisi wa mita au ni makadirio. Ikiwa ni makadirio, na yamezidi, dawa yake ni kusahihishiwa bili, wala huna haja ya kusubiri msaada wa serikali. Piga picha ya mita siku hiyohiyo unayolalamika.

Serikali husaidia kwa njia gani hasa?

Kuna njia ya kushika bei. Serikali inasema uniti haitauzwa zaidi ya kiasi fulani, na pengo lililopo kati ya bei hiyo na bei ya soko linalipwa na hazina. Ufaransa ilifanya hivyo: Februari 2022 ongezeko la bei ya umeme inayodhibitiwa lilizuiwa lisivuke asilimia 4, na Februari 2023 lisivuke asilimia 15.

Kuna njia ya kutoa kiasi kimoja kwa kila kaya bila kujali imetumia uniti ngapi. Uingereza ilitoa pauni 400 kwa awamu sita, pauni 66 Oktoba na Novemba 2022, kisha pauni 67 kila mwezi kuanzia Desemba hadi Machi 2023. Australia, katika mwaka wa fedha wa 2024 hadi 2025, ilikata dola zake 300 kwenye bili za kaya, kidogokidogo kila robo mwaka.

Kuna kupunguza kodi. Hispania iliteremsha kodi ya ongezeko la thamani kwenye umeme kutoka asilimia 21 hadi 10 mwaka 2021, kisha hadi 5 mwaka 2022. Ni njia ya haraka isiyo na fomu, ila mwenye jumba na bwawa la kuogelea hunufaika kuliko mwenye chumba kimoja, maana anatumia zaidi.

Kuna bei ya ngazi, ambapo uniti za mwanzo za mwezi ni nafuu au ni za bure. Tanzania huwapa bei ya chini wateja wadogo ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Kenya ilishusha mpaka wa kundi lake la bei nafuu kutoka uniti 100 hadi 30 mwaka 2023. Afrika Kusini, tangu mwaka 2003, ina sera ya kuzipa kaya maskini uniti 50 za bure kila mwezi.

Mwisho kuna msaada wa walengwa tu: vocha, bonasi au fedha kwa watu wa kipato fulani, wazee au wagonjwa. Marekani ina mpango wa LIHEAP tangu mwaka 1981, unaoendeshwa na majimbo kwa fedha za serikali kuu.

Ukiniuliza mimi, punguzo la kiasi kimoja ndilo bora kwa msaada wa dharura. Linaanza haraka, hazina inajua mapema litagharimu kiasi gani, na bei ya uniti inabaki ileile, kwa hiyo ukizima hita unaokoa fedha nzima. Wanasiasa hupenda zaidi kushika bei kwa sababu kila mtu anaiona, lakini hapo hazina inakuwa imesaini hundi ambayo kiasi chake kitajazwa na soko.

Serikali imetangaza kikomo. Ina maana bili yangu haitazidi kiasi hicho?

Hapana, na hili ndilo linalowaponza watu wengi kuliko yote humu.

Septemba 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza dhamana ya bei, na takwimu iliyotamkwa kila mahali ilikuwa pauni 2,500 kwa mwaka. Watu wengi walielewa kwamba hakuna atakayelipa zaidi ya hapo. Hata Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisema hivyo kwenye mahojiano ya redio, naye alikosea. Kilichowekewa mpaka ni bei ya uniti, wastani wa takriban peni 34 kwa umeme na peni 10.3 kwa gesi, pamoja na tozo ya kudumu ya kila siku. Zile pauni 2,500 zilikuwa hesabu ya kaya yenye matumizi ya kawaida. Aliye kwenye nyumba kubwa ya zamani inayopitisha baridi kila dirisha alilipa zaidi, na mwenye chumba kidogo alilipa pungufu.

Serikali ikipanga bei ya lita ya petroli, haijapanga utajaza tangi mara ngapi. Umeme ni vivyo hivyo.

Pia kikomo huweza kuwa na kikomo chake. Mwaka 2023 Uholanzi ilishika bei ya umeme kwenye senti 40 za yuro, lakini kwa uniti 2,900 za mwanzo za mwaka tu. Uliyozidisha ulilipia kwa bei ya mkataba wako. Kwa hiyo tangazo likitoka, tafuta majibu ya mambo matatu: kilichofungwa ni bei ya uniti au jumla ya bili, ni kwa uniti ngapi, na tozo ya kudumu imo au haimo.

Nikipunguza matumizi, msaada nao utapungua?

Inategemea aina. Punguzo la kiasi kimoja halipungui. Bei iliyoshikwa hukusaidia kwa kila uniti unayotumia, hivyo ukitumia chache ruzuku yako ni ndogo, ingawa bili pia ni ndogo, na ndicho unachokitaka.

Ujerumani ilibuni kitu cha werevu mwaka 2023. Kaya zililipa senti 40 kwa uniti ya umeme, lakini kwa asilimia 80 ya matumizi yao yaliyokadiriwa, na asilimia 20 iliyobaki kwa bei halisi ya mkataba. Aliyefanikiwa kupunguza matumizi kwa ile asilimia 20 alijikuta hanunui hata uniti moja ya bei ya juu. Akipunguza zaidi, punguzo lake lilibaki kama lilivyokokotolewa, kwa hiyo kila uniti aliyookoa ilimrudishia fedha kwa bei ya juu. Hesabu yake ilimchanganya kila mtu, hata baadhi ya waliokuwa wakiielezea kwenye televisheni nadhani, lakini wazo lake ni zuri.

Nchi yangu ina bei ya ngazi. Nikivuka uniti za ngazi ya chini kidogo tu, nini kinatokea?

Mifumo iko miwili na tofauti yake ni kubwa. Katika mfumo wa kwanza, zile za ziada tu ndizo zinazolipiwa bei ya juu, na za mwanzo zinabaki nafuu. Katika wa pili, ukivuka mstari unahamishwa kundi zima, na uniti zote zinalipiwa bei mpya, pengine kwa miezi kadhaa mpaka wastani wako ushuke tena. Hapo uniti moja ya ziada inaweza kukugharimu kuliko kumi zilizotangulia.

Kwenye mita za kulipia kabla, mara nyingi kinachohesabiwa ni uniti ulizonunua ndani ya mwezi, uwe umezitumia au bado. Mtu anayejaza umeme mwingi mwishoni mwa mwezi kwa kuogopa kuishiwa anaweza kujiondoa kwenye ngazi nafuu bila kujua, wakati angesubiri siku mbili mwezi ugeuke angenunua kwa bei ya chini. Uliza kampuni yako inahesabu vipi na siku ya kuanza upya ni ipi.

Je, ni lazima niombe, au msaada unakuja wenyewe?

Kanuni ya jumla: msaada wa watu wote hupitia kampuni inayokuuzia umeme na huja wenyewe, msaada wa walengwa mara nyingi huombwa. Bei iliyoshikwa na kodi iliyopunguzwa havihitaji fomu.

Tatizo liko kwenye walengwa. Kila penye fomu, wanaostahili zaidi ndio hukosa: wazee, wasiosoma lugha ya serikali, walio na kazi mbili na hawana muda wa foleni. Nchi zilizojifunza huunganisha kumbukumbu. Italia, tangu mwaka 2021, hutoa bonasi yake ya umeme na gesi moja kwa moja kwa kaya iliyokwisha kuwasilisha tamko la hali yake ya kiuchumi. Delhi ilikwenda kinyume: uniti 200 za bure zilizokuwa zikija zenyewe tangu mwaka 2019 zikawa za kuombwa kuanzia Oktoba 2022, ili anayeweza kulipa ajiondoe mwenyewe.

Hata kama unaambiwa ni wa moja kwa moja, fungua bili ya kwanza baada ya tangazo na utafute mstari wa punguzo. Usipouona, piga simu mwezi huohuo.

Natumia mita ya kulipia kabla. Punguzo linanifikiaje wakati sina bili?

Watumiaji wa mita hizi huumizwa mara mbili. Anayelipa kwa mwezi hutawanya gharama ya majira ya baridi au ya joto kali mwaka mzima. Wewe unalipia siku ileile unayotumia, na fedha ikiisha giza linaingia bila barua ya onyo. Msaada nao hukufikia kwa njia ndefu.

Ikiwa mita yako inaunganishwa na kampuni kwa mtandao, punguzo huweza kuingizwa kwa mbali. Kwa mita za zamani hutolewa vocha au tokeni. Katika ule mpango wa pauni 400, Waingereza wenye mita za zamani walipelekewa vocha kwa posta, ujumbe wa simu au barua pepe, wakatakiwa kwenda nazo mahali wanapojazia. Vocha nyingi hazikutumiwa kwa sababu za kawaida kabisa: anwani ya zamani, bahasha iliyofanana na tangazo la biashara, jina la mpangaji aliyehama. Siku ya mwisho, tarehe 30 Juni 2023, ilipopita, zilizobaki zikawa karatasi tu.

Afrika Kusini uniti za bure huchukuliwa kama tokeni kila mwezi, na usipoichukua ya mwezi huu haijumlishwi na ya mwezi ujao. Nimeona watu wengi wakidhani zinajikusanya kama akiba. Hazijikusanyi.

Fanya mambo mawili mapema: hakikisha namba ya simu na anwani zilizo kwa kampuni ni zako za sasa, na uliza kama mita ina deni la zamani. Deni likiwepo, sehemu ya kila unachojaza inaweza kukatwa, na pengine punguzo lenyewe likamezwa humo.

Mimi ni mpangaji na mita ina jina la mwenye nyumba. Nina haki?

Kwa maadili ndiyo. Kwa sheria, inategemea nchi imeandika nini. Kampuni inamjua mwenye akaunti peke yake, hivyo punguzo linaingia kwake. Swali ni kama analazimika kukufikishia.

Uingereza ilitunga kanuni mwaka 2022 chini ya sheria ya bei za nishati, zikimtaka mwenye nyumba au mtu yeyote wa kati kumpitishia mpangaji unafuu kwa kiwango cha haki, na mpangaji aliyenyimwa aliweza kudai kama deni mahakamani. Lakini kama kodi ya pango inajumuisha umeme na mwenye nyumba hakuipandisha bei zilipopaa, anaweza kueleza kwa haki kwamba ni yeye aliyebeba mzigo. Kwa hiyo angalia kwanza unalipaje. Unalipa kwa mita ndogo ya ndani? Dai punguzo kwa uniti. Mnagawana bili kwa vichwa? Omba kuona bili halisi, na mgawane kiasi kilichobaki baada ya punguzo. Umeme umo kwenye kodi? Dai lako ni dhaifu zaidi, ila linazungumzika.

Zungumza kabla ya kushtaki. Mwandikie kwa ujumbe ulio wazi: "Serikali imeweka punguzo kwenye akaunti ya nyumba hii tangu mwezi fulani, naomba tukokotoe sehemu yangu." Ujumbe wa maandishi hubaki, maneno ya mlangoni hupotea.

Kuna pia wanaoishi kwenye nyumba za kuhamishika, mabweni au majengo yenye mtandao wao wa ndani wa umeme, ambao hawana akaunti popote. Hawa huhitaji mlango wao. Uingereza iliwafungulia maombi ya kupata zile pauni 400 kupitia mpango mbadala uliofungwa tarehe 31 Mei 2023, na wengi waliostahili hawakuomba. Ukiona tangazo linasema "utapunguziwa kwenye bili" na wewe huna bili, usikate tamaa wala usisubiri. Tafuta kama kuna mpango mbadala.

Upande wa pili wa sarafu: Ireland ilipotoa punguzo la umeme kwa kila akaunti ya kaya, nyumba za mapumziko zisizokaliwa nazo zilipata, na malalamiko yalikuwa mengi. Anayegawa kwa akaunti hugawia mita, na mita hazina njaa.

Tunapika na kupasha joto kwa mitungi ya gesi, kuni au mafuta. Tumesahaulika?

Mara nyingi ndiyo, angalau mwanzoni, kwa sababu hakuna kampuni moja yenye orodha yenu. Baadaye hutolewa kiasi maalumu: Uingereza ilitoa pauni 200 kwa kaya zisizo na gesi ya bomba. Tunza risiti za ununuzi kuanzia leo, hata kama hakuna mpango uliotangazwa, kwani ndizo zinazoombwa kama ushahidi.

Kipato changu ni kidogo lakini kimepita mpaka kwa kiasi kidogo sana. Nifanyeje?

Mpaka wa kipato hukata kama kisu: chini yake unapata chote, juu yake hupati kitu. Angalia wanahesabu kipato cha mwaka gani, maana aliyepoteza kazi mwaka huu anaweza kunyimwa kwa sababu ya mshahara wa mwaka juzi, na mipango mingine inakubali uthibitisho mpya. Angalia pia kama kuna mfuko wa dharura kwenye halmashauri, au kigezo cha afya: mwenye mashine ya kupumulia au dawa za kutunza kwenye friji huweza kuwa na njia yake.

Kumbuka vilevile kwamba baadhi ya mipango haina uhakika hata kwa anayestahili. LIHEAP hupewa fungu la mwaka, na likiisha limeisha, hivyo anayeomba mapema ana nafasi kubwa kuliko anayesubiri bili ya kutisha ifike.

Nina biashara ndogo. Nami ninasaidiwa?

Huenda, lakini usichukulie kwamba kinachowahusu watu wa nyumbani kinakuhusu. Kikomo cha bei cha Ofgem, mdhibiti wa Uingereza, kilichoanza Januari 2019, ni cha kaya peke yake. Biashara huachwa zipatane na kampuni, kwa dhana kwamba mfanyabiashara anajua kupatana. Mwenye saluni mwenye vikaushio vitatu ana nguvu gani ya kupatana?

Bei zilipopita kiasi serikali nyingi ziliingilia. Kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2023 Uingereza iliweka bei ya jumla, yaani ile ambayo kampuni hununulia nishati sokoni, kama kipimo cha msaada kwa biashara: peni 21.1 kwa uniti ya umeme na 7.5 kwa gesi. Zingatia neno jumla. Juu ya hapo kulikuwa na usafirishaji, tozo na faida ya kampuni, hivyo bei ya mwisho ilikuwa juu zaidi. Aliyefunga mkataba zamani kwa bei ya chini hakupata kitu kwa kuwa hakuhitaji. Kuanzia Aprili 2023 ukaja mpango mwingine mwembamba zaidi, wa mwaka mmoja, na wengi walioufunga mkataba wao bei zikiwa kileleni walibaki wameshikwa nao huku soko limeshashuka. Hilo ndilo somo ghali: msaada wa muda haukuokoi na mkataba mrefu mbaya. Usisaini miaka mitatu kwa hofu.

Ujerumani haikuwatenganisha wadogo na kaya. Biashara iliyotumia chini ya uniti 30,000 kwa mwaka ilipata zile senti 40 kwa asilimia 80 ya matumizi, na viwanda vikubwa vikawekwa kundi lao. Ireland ilitaka biashara ziombe kupitia mamlaka ya kodi, na asiyekuwa sawa na kodi zake hakupita.

Maana ya "ndogo" nayo hubadilika. Mpango mmoja huhesabu uniti kwa mwaka, mwingine wafanyakazi, mwingine mauzo. Australia iliweka dola 325 kwa biashara ndogo zinazostahili mwaka wa fedha wa 2024 hadi 2025, na mpaka wa matumizi ukawa wa kila jimbo.

Ninafanyia kazi nyumbani. Niko upande gani?

Kinachoamua ni aina ya akaunti, wala si kazi unayofanya. Mshonaji mwenye cherehani sebuleni kwa mita ya nyumbani ni kaya. Ukiwa na mita ya biashara kwa jengo unaloishi pia juu yake, uliza kama unaweza kuhesabiwa kama kaya kwa sehemu ya makazi. Usiombe pande zote mbili kwa mita moja; ukigundulika utarudisha.

Msaada huu ni mkopo? Utakatwa kodi?

Kwa kawaida punguzo la kwenye bili halirudishwi. Ila soma maneno: "kuahirisha malipo" na "kusambaza gharama" maana yake utalipa baadaye. Kuhusu kodi, mara chache mtu hushtukizwa. Yuro 300 ambazo Ujerumani iliwapa wafanyakazi Septemba 2022 zilihesabiwa kama kipato na kukatwa kodi, na mwenye mshahara mkubwa akabaki na pungufu. Kwa biashara, punguzo linapunguza gharama zako, kwa hiyo usiandike kwenye vitabu bili kamili kana kwamba uliilipa yote.

Nimeshaingia kwenye deni. Watanikatia?

Piga simu kabla hawajaja. Kampuni nyingi zinatakiwa na mdhibiti wao kukupangia malipo unayoyaweza, na neno la kusema ni "mpango wa kulipa malimbikizo". Taja kiasi unachokimudu kweli; ukiahidi kikubwa ukashindwa mwezi wa pili, mpango unavunjika na msimamo wako unadhoofika.

Nchi nyingine zina kinga ya majira. Ufaransa hairuhusu kaya kukatiwa umeme au gesi katika makazi yake ya kudumu kwa sababu ya deni kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Deni halifutwi, linasubiri tu. Uingereza, Februari 2023, Ofgem ilizitaka kampuni zisitishe kuwafungia watu mita za kulipia kabla kwa nguvu, baada ya kubainika kwamba hata nyumba za wasiojiweza zilikuwa zikivunjwa kufuli kwa amri za mahakama. Biashara, kwa bahati mbaya, haina kinga nyingi kama hizi.

Nimepata ujumbe wa simu: "Bonyeza hapa kupokea punguzo lako la nishati."

Futa. Matapeli huamka siku ileile ya tangazo. Msaada unaokuja wenyewe hauhitaji namba ya kadi yako wala neno la siri, na hakuna ada ya kushughulikia. Ukiwa na shaka, piga namba iliyo kwenye bili yako ya zamani, usipige iliyo kwenye ujumbe.

Niandae nini kabla ya kuomba?

Bili au namba ya mita, kitambulisho, uthibitisho wa makazi na wa kipato, akaunti ya benki au ya simu yenye jina lako. Biashara iongeze usajili na bili za mwaka uliotangulia.

Nimekataliwa. Nikubali tu?

Omba sababu kwa maandishi. Kukataliwa kwingi hutokana na majina yasiyolingana, anwani tofauti na ile ya mita, au karatasi iliyopitwa na wakati, na hayo hurekebishwa ndani ya siku chache. Ikiwa kosa ni la kampuni, lalamika kwao kwanza, upate namba ya lalamiko, kisha nenda kwa mdhibiti wa nishati au msuluhishi. Ukienda kwa mdhibiti bila ile namba ya kwanza, atakurudisha ulikotoka.

Msaada ukiisha nitabaki wapi?

Ulipokuwa, kama nyumba haijabadilika. Ndiyo maana uliza pia kuhusu fungu la pili, lisilopigiwa tarumbeta: fedha za kuziba mianya, kuweka kizuizi cha joto darini, kubadilisha hita, taa au friji la zamani. Marekani ina mpango wa namna hii kwa kaya za kipato cha chini tangu mwaka 1976. Foleni yake huwa ndefu, pengine miezi, na mpangaji huhitaji ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya fundi kugusa ukuta. Kwa hiyo fomu hiyo jaza sasa, wakati punguzo la bili bado linaendelea, na umwombe mwenye nyumba ruhusa hiyo kwa maandishi wiki hii.